Winga Aliyeacha Kuomba Mpira

Alasiri hiyo wazee wa kina Ridwan walikuwa wanakuja kuchukua jibu langu la ndoa, na mimi kutulia nilishindwa kabisa. Napanga vikombe, napangua. Mama akanifukuza. "Habsa, enda kwa kaka yako, utanivunjia vyombo!"

Kaka yangu Abdiwali ana kibanda cha magemu karibu na soko la mifugo. Mwaka mzima mimi na Ridwan tumecheza mpira hapo, timu moja, yeye mshambuliaji, mimi winga. Hilo gemu lina ujanja. Linakusoma unavyocheza, na siku haupo linacheza badala yako, vilevile ungecheza wewe.

"Niwekee Ridwan," nikasema. Nilitaka kumwona bila yeye kunichangamkia.

Wallahi, alikuwa yeye mtupu! Akipata mpira haachii. Anapiga chenga wawili, wa tatu anamnyang'anya, na mimi niko wazi mbele ya goli.

"Pasi, wewe!" nikafoka.

Abdiwali akacheka. "Abaayo, dada yangu, unagombana na mashine."

"Si inajifunza? Basi hata mwenyewe atajifunza." Nilimpenda Ridwan, na hilo ndilo lilikuwa linanitesa.

"Inajifunza, ndiyo. Hebu tuone yako." Akaninyang'anya rimoti, akaacha mashine icheze sisi wote wawili.

Habsa wa kwenye skrini alikimbia vizuri, nikajivuna kidogo. Ridwan hakumpa mpira. Akakimbia tena, hakupewa. Kisha akarudi nyuma kukaba, akizibaziba pale Ridwan alipopoteza. Mkono wa kuomba pasi hakuinua hata mara moja.

"Mbona haombi? Imeharibika?"

"Inafanya vile unafanya."

"Mimi naomba! Si ulikuwa unalalamika nitaharibu kile kitufe cha kuomba pasi?"

"Hiyo ilikuwa mwanzoni, Habsa." Hakuwa anacheka tena. "Uliacha kitambo."

Nilitaka kumtukana. Simu ikalia, Mama huyo, furaha tele.

"Wageni wamefika! Ridwan ameshawaambia umekubali. Njoo tu uwasalimie."

"Nani amekubali?"

"Habsa, usianze."

"Wape chai, Mama. Jibu halijatoka, na litatoka kwa mdomo wangu."

Nikatoka barabarani, nikainua mkono juu kabisa, boda boda ikasimama.