Ahmada na Mji wa Inverdora

Mwaka ule wa hamsini na tisa Konde nzima, huku kaskazini mwa Pemba, iliujua mji wa Inverdora, na hapana hata mmoja aliyeuamini.

Aliyeuleta ni Ahmada, fundi wa karabai na majiko ya stovu, mtu wa Kiuyu. Ujana wake aliumalizia melini, akipiga makaa kwenye tanuri, mpaka alipochoshwa na bahari akarudi kwao. Safari moja meli yao ilivunjika rafadha, lile panga la kuisukuma majini, huko kaskazini, ikakokotwa hadi bandari ya Inverdora, mji mdogo wa Skotlandi. Mabaharia wakakaa pale tangu wakati wa barafu mpaka majani yakachipua na jua likawaka, wakingoja rafadha mpya. Ahmada hakukaa bure. Aliuzunguka mji ule kichochoro kwa kichochoro, na kila alichokiona alirudi nacho Pemba kichwani.

Meza yake ya kazi ilikuwa ubavuni mwa baraza ya Jecha, fundi cherehani. Na hapo barazani, kila asubuhi, dada yake Jecha, Kazija, aliuza vitumbua. Kazija alikuwa mjane, bado kijana, mwenye kicheko kinachosikika mpaka kwenye malori yanayosubiri kwenda Wete. Ahmada alikuwa akimtaka. Labda ndiyo sababu hadithi zake zilizidi kunoga kila Kazija alipokaribia.

"Mji wenyewe," alizoea kusema huku akizibua tundu la stovu kwa sindano, "una mnara wa mawe, na kengele yake hugongwa kila jioni tangu enzi za wafalme wa zamani, ili watu wafunike moto wasije wakaunguza nyumba. Una daraja la mawe lenye matao matatu. Kuna kanisa lisilo paa, lilivunjwa vitani walipopigana na Waingereza."

"Wazungu wapigane na Wazungu?" Jecha aliuliza, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani.

"Miaka na miaka, yakhe! Kisha pana bandari. Zamani ilijaa vyombo hata ungeweza kuvuka kwa miguu, chombo hadi chombo. Walivua samaki mfano wa dagaa wa simu, ila wakubwa. Wanawake wakipasua na kutia chumvi, mapipa kwa mapipa. Na wanawake hao, waume wakienda kuvua, waliwabeba mgongoni mpaka chomboni wasiroe miguu."

Hapo baraza nzima iliangua kicheko.

"Na siku za sherehe," Ahmada aliongeza, kwa kuwa hakujua kukomea njiani, "wanaume huvaa sketi."

"Mimi nimeshona nguo tangu sijaota ndevu," Jecha akasema, "sketi ya mwanamume sijaiona."

"Na kikoi ulichovaa hicho?" Kazija akamuuliza kaka yake, na safari hii aliyechekwa ni Jecha.

Lakini posa ya Ahmada ilipokuja, Jecha aliikataa. Aliwaambia wazee waliotumwa kutoka Kiuyu kwamba bwana huyu ni fundi mzuri na mtu wa swala, ila mdomo wake hauna breki. "Hata Ramadhani kaitilia uongo," alisema. "Ati alifunga huko, na jua halikuzama mpaka saa nne za usiku. Dada yangu nimwoze mtu wa namna hiyo? Nipeni shahidi mmoja, mmoja tu, aseme Inverdora ipo, nami nitayameza maneno yangu."

Kazija alipopelekewa jawabu hilo aliendelea kukoroga unga wa vitumbua. Kwa hakika hakuwa na chuki na Ahmada. Alipenda namna alivyoshika vitu vya watu kwa uangalifu, hata taa mbovu ya maskini. Ila aliogopa. Mume wake wa kwanza alikuwa mtamu wa maneno vilevile, na maneno yalipokwisha hakukubaki kitu.

Kulikuwa na mwuguzi wa Kizungu, Sista Isbeli, aliyekuja Konde kila wiki kutoka Wete kupima watoto na kina mama wajawazito. Mwanamke mrefu, uso mwekundu, nywele rangi ya shaba. Kiswahili alikijua vizuri, ila alikisema kwa haraka kama mtu anayekimbia mvua. Asubuhi moja stovu yake ya kuchemshia sindano ilikataa kuwaka, na wanawake kwenye foleni wakamwelekeza kwa Ahmada.

"Hodi hapa," alisema, akaiweka stovu mezani. "Fundi, nimehangaika nayo mpaka nimechoka."

Ahmada akaanza kuifungua. Jecha, aliyependa mazungumzo kuliko nguo, akasimamisha cherehani.

"Sista, samahani. Wewe ni Mwingereza wa wapi?"

"Mwingereza?" Sista Isbeli aliinua kichwa kama aliyetukanwa. "Mimi si Mwingereza. Mimi natoka Skotlandi."

Bisibisi ikamponyoka Ahmada. Kazija alikuwa na kitumbua kwenye kijiti, akakiacha hapo hapo juu ya chungu, mafuta yakitona.

"Basi Mungu kamleta shahidi," Jecha akasema taratibu. "Sista, uko mji huko unaitwa Inverdora?"

Sista Isbeli akacheka kwa dharau. "Inverdora! Mimi ni mtu wa Lenani, ng'ambo ya ghuba, tunatazamana nao. Inverdora hakuna kitu!"

"Mmesikia?" Jecha aliruka juu. "Mmesikia nyote? Hakuna kitu!"

Ahmada alisawijika. Lakini hakukaa chini. Alifuta mikono kwa kitambaa, akamkabili Sista.

"Hakuna kitu vipi, Sista? Na mnara?"

"Mnara umepinda! Ukiutazama kutoka kwetu utadhani mlevi."

"Na kengele yake ya jioni?"

"Ina ufa. Inalia kama sufuria. Sisi Lenani tukiisikia tunaziba masikio."

"Daraja la matao matatu je?"

"Matatu! La kwetu lina matano. Na la kwao tao moja lilibomoka wakati wa babu yangu, wakalijenga upya kwa mawe waliyoiba kanisani."

"Lile kanisa lisilo paa," Ahmada akasema.

"Ndilo hilo hilo."

Watu walikuwa wamekwisha kusogea, wenye maduka, wapakizi wa malori, kina mama na watoto wao migongoni. Kila Sista alipoitukana Inverdora, wao walimtazama Jecha, na kila walipomtazama, Jecha alizidi kunywea.

Mwisho Kazija mwenyewe akauliza, sauti imejaa kicheko alichokizuia kwa buibui. "Bi Sista, na hili la wanawake kuwabeba waume zao mgongoni?"

Uso wa Sista Isbeli ukalainika. "Hilo ni la kwetu sote, dada yangu, Lenani na Inverdora. Bibi yangu alimbeba babu. Bahari yetu ni ya baridi. Mwanamume akiondoka na miguu imeroa, hakauki mpaka arudi, naye huenda akafa kwa kifua. Basi bibi alipandisha nguo zake juu ya magoti, akamchukua."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mmoja akasema yeye mumewe asingembeba, angemtupa majini afike kwa kuogelea.

"Lakini watu wa Inverdora wenyewe," Sista akaendelea, maana alikuwa hajamaliza, "ni wachoyo. Watu wa kiburi, hawampi mgeni hata maji."

"Hapo umekosea, Sista," Ahmada akasema.

Hakuisema kwa ukali, lakini wote walisikia kwamba huu haukuwa tena mzaha.

"Nilifunga Ramadhani kule, mwezi wa Juni. Mji mzima Mwislamu ni mimi peke yangu. Nilikaa nyumbani kwa bibi mmoja mzee, wala hakuijua funga ni kitu gani. Nilimweleza mara moja tu. Tangu siku hiyo alikaa dirishani kila jioni akiliangalia jua, hata liende saa nne za usiku, naye ni mtu wa kulala mapema. Supu yangu aliifunika kwa blanketi isipoe. Likizama tu, ananiita kutoka chini ya ngazi: kijana, limekwenda, njoo ule. Siku ya Idi alinifumia soksi." Akainama kuokota bisibisi. "Mwaweza kuniita mwongo kwa yote. Watu wale msiwatie uchoyo."

Hadithi ya bibi huyo hakuwahi kuitoa barazani. Haikuwa na mnara wala vita.

"Nimekosa, fundi," Sista Isbeli akasema. "Sisi na wao tunasemana hivyo tangu zamani. Mtu akiwa mbali huendelea tu kwa mazoea. Kusema kweli, mama yangu mdogo kaolewa huko." Macho yake yalikuwa na maji, naye alikuwa akicheka.

Stovu ikawaka. Sista akarudi kwa watoto wa kupimwa, na watu wakatawanyika wakiigiza namna alivyosema "umepinda".

Jecha alikaa mbele ya cherehani bila kushona. "Basi ipo," alisema.

"Ipo au haipo, mimi sijali," Kazija akamwambia, akigeuza vitumbua vilivyokwisha kuungua. "Bibi wa watu alimpa supu tu, na miaka yote hii Ahmada hajamsahau, anamtetea mbele ya Konde nzima. Mume wa namna hiyo huninyimi, kaka yangu. Waite wale wazee wa Kiuyu."

Waliitwa. Jecha mwenyewe alimshonea Ahmada kanzu ya harusi, akaitia tarizi ya mkono shingoni, kazi ambayo hakuwa akimfanyia mtu ila kwa kubembelezwa sana. Sista Isbeli alialikwa, akaletwa na gari la kliniki, akawekwa ndani na wanawake, akala pilau mpaka akaomba radhi.

Kesho yake, kabla Sista hajarudi Wete, Kazija alimshika mkono. Alikuwa bibi harusi, hina bado mbichi kuchani, hakutakiwa kutoka nje. Lakini alimtuma mumewe atafute gari, akajifunika, wakaenda watatu hadi magofu ya mji wa kale wa Chwaka, upande wa Tumbe. Huko ni Kazija aliyesema: makaburi haya ni ya kina nani, msikiti huu uliokatika ulijengwaje, wazee wake walimsimulia nini. Sista aliuliza maswali mengi, na hata lile asilolijua, Kazija alilijibu vilevile, kwa sauti ya uhakika.

Ahmada alitembea nyuma yao, akimsikiliza mkewe kama mkewe alivyomsikiliza yeye barazani.