Sakafu Yangu na Kisiwa cha Fumbwe

Usiku wa kuamkia leo niliota kile kitabu cha watalii kinanivuta shuka. Ni kitabu cha marehemu mume wangu, Mbaruku, aliyekuwa akiongoza wageni Kisiwa cha Fumbwe, kule kwenye popo wakubwa na msitu ambao haujawahi kuguswa na shoka. Miaka thelathini alinisomea kurasa zake. Kunipeleka sasa, kila siku ni "mwakani, Bi Tatu." Kisha akafa, na hiyo mwakani akaenda nayo.

"Amka," kitabu kinasema. "Ukurasa wa kumi na nne: mgeni afike asubuhi."

"Sina nauli."

"Sikukuuliza."

Nikateremsha mguu kitandani, nikakanyaga mchanga. Chumba hakipo. Mbele yangu kuna meza, na nyuma ya meza kaa mkubwa, wale wanaopasua nazi, amevaa miwani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Wazima huku?"

"Wazima. Sheria umesoma?"

Kitabu kikakohoa, kikamsomea: "Mgeni asichukue chochote ila picha. Asiache chochote ila nyayo."

"Kamera sina," nikasema. "Nimekuja kuona alipokuwa akipita mume wangu."

"Anapita mpaka leo," kaa akajibu, akanionyesha kwa gando.

Ninatazama. Nyayo zinatembea zenyewe ufukweni, juu yake hamna mtu. Wa kulia umenyooka, wa kushoto kidole gumba kimetazama pembeni. Nitaachaje kuzijua? Kila Ijumaa nikimaliza kupiga deki, sakafu haijakauka, yeye huyo, katikati. "Mbaruku, we! Huoni pamelowa?" Naye: "Naona, mke wangu, ndiyo maana napita polepole."

"Mbaruku, we!" nikaita.

Nyayo zikasimama. Zikageuka. Zikaja, polepole.

"Nazichukua hizi," nikamwambia kaa. "Nitaziweka sakafuni kwangu. Sitazideki, naapa."

"Hizo si picha, bibi."

"Hata mmoja? Huo wa kushoto, uliopinda?"

"Hata kidole." Juu mtini popo wakaanza kulia, naye akavua miwani, akaifuta. "Kuacha za kwako, ruhusa. Ila ukiziacha zimebaki. Hutarudi nazo."

Nikawaza. Nyayo zenyewe za miaka sabini na mbili, magaga yake unaweza kukunia nazi. Nani atazililia? Nikakanyaga kando ya zake, kulia, kushoto. Zangu zikajibandua, hata kuniaga hazikuniaga. Zikashika njia ya msituni, na zile za Mbaruku zikapunguza mwendo, zikazingoja.

"Mwakani ndiyo hii," kitabu kikasema, kikajifunga.

Nikaamka, kumekucha, Ijumaa. Nikapiga deki sebuleni. Halafu, kwa ukaidi wangu, nikapita katikati na sakafu bado ina maji, nenda rudi mara tatu. Nikainama na mgongo huu mbovu, nikatazama.

Sakafu safi. Hamna alama hata ya kidole.

Nikacheka mpaka jirani yangu, Mama Rukia, akaita dirishani, "Bi Tatu, una mgeni leo?"

"Sina, mwanangu," nikamjibu. "Mimi ndiye niliyekwenda kutembea."