Yule Asiyekuja

Stanislas alisomea saikolojia hapa hapa Bukavu, akahitimu vizuri, akazunguka na diploma yake kwenye mashirika yote, yenye magari na yasiyo na magari, na mwisho akapata kazi kwa muuza majeneza. Msicheke. Papa Marcellin, mwenye duka la Nyumba ya Pumziko pale Nyalukemba, alimlipa vizuri, tena akampa jina la Professeur. Stanislas alijifanya halipendi jina hilo, lakini ukimwita kwa jina lake tu, hageuki haraka.

Kabla hajafika, duka liliuza kama duka lolote. Mtu anafiwa, anakuja, anauliza bei, anashtuka, anakwenda kwa seremala. Professeur akageuza mambo. "Musiuze kitu," aliwaambia wafanyakazi. "Muende mulie kwanza." Basi kila penye kilio, mama mmoja wa duka alitangulia na kitenge cha heshima, thermosi za chai na mikate. Hamuulizi mtu chochote. Anamimina chai, anaketi chini na wenzake, anaimba nyimbo za kanisa. Kwetu, mtu aliyekulisha msibani humwachi aondoke mikono mitupu. Jioni anapotaja kwamba yuko ndugu yake anayeuza majeneza, nani atamkatalia? Dukani nako majeneza yalipangwa matatu matatu: la kwanza baya la kutia huruma, la tatu la bei ya kutisha, ili la katikati lionekane ndilo la mtu mwenye akili. Hayo yote Stanislas aliyatoa vitabuni, na kusema kweli yalifanya kazi.

Lakini somo lililompa sifa kuliko yote hakulitoa kitabuni. Alilitoa moyoni mwake mwenyewe, na hapo ndipo ubaya ulipo.

"Mukifika ku kilio," aliwafundisha, "musiangalie mwenye kulia sana. Ule roho yake iko muzuri, atazika na mbao ya kawaida. Mutafute mwenye hakuyaka kuangalia mugonjwa. Batu batamutaja tu. Ule njo atalipa."

Papa Marcellin alipiga meza kwa furaha. Tangu hapo, kila asubuhi ripoti za akina mama zilianza na yule asiyekuja.

Asubuhi moja ya mvua simu ya Stanislas iliita tangu alfajiri. Ni Aurore. Aliitazama ikiita, akailaza kifudifudi mezani. Aurore ni binti wa mama yake mdogo, Nsimire, aliyekuwa akiugua kule Kasha, upande wa Bagira, kwa miezi mingi, na Stanislas alijua ataulizwa nini: utakuja lini? Alikwisha kusema kazi, alikwisha kusema mvua, alikwisha kuisema barabara ya Bagira kana kwamba Bagira iko ng'ambo ya ziwa. Ukweli ni kwamba Nsimire alimlea tangu mama yake alipofariki, akauza maharagwe ya Mudaka sokoni mpaka kijana akamaliza chuo, na kijana aliogopa kumwona amekonda. Siku zilivyozidi akaanza kuogopa kuulizwa alikuwa wapi. Hofu hii ya pili ikawa kubwa kuliko ile ya kwanza.

Papa Marcellin aliweka simu yake katikati ya meza, sauti juu, kama kawaida. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa Bintu, fundi wa kulia kuliko wenzake wote.

"Bonjour, papa. Niko huku Kasha, ku kilio ya maman moja, jina yake Nsimire. Amekufa usiku. Bwana yake, papa Zagabe, iko seremala. Anasema maman mwenyewe alichagua mbao, alitaka sanduku ya kawaida tu, bwana yake amutengenezee. Lakini musikate tamaa. Kuko mwenye hakuyaka. Ni mutoto wa dada yake, alimulelaka, alimusomesha mupaka université. Anafanyaka kazi mu bureau, hapa hapa Bukavu. Banasema maman alikuwa anamungojea. Akisikia pikipiki inasimama ku mulango, anasema: 'Angalieni, ni mutoto wangu.' Mutafute ule, papa. Haya itamumaliza."

"Njo huyo!" Papa Marcellin alicheka. "Professeur, tumushike namna gani?"

Meza nzima ikamgeukia. Hivyo ndivyo Stanislas alivyopata habari kwamba mama yake mdogo amekufa: mbele ya watu wenye kalamu mkononi, wakingoja somo. Alitaka kusema, ni mimi. Kikatoka kingine.

"Musimusemeshe bei," alisema. "Atakuya mwenyewe."

Akainuka. Ili kutoka nje ilimbidi apite kati ya majeneza, na hapo akasimama. Alikwisha kusikia Nsimire alitaka nini. Alijua pia kwamba jeneza lolote la duka hili litakuwa la kufunga midomo ya watu, halitakuwa la marehemu. Mtego aliutega mwenyewe, kamba kwa kamba. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini walau wengine huingia bila kuona. Huyu aliingia macho wazi. Mkono wake ulipita la kwanza, ukapita la katikati, ukatua kwenye la tatu, lile la vernisi inayong'aa na kidirisha cha kioo, ambalo liliwekwa pale kutisha watu.

"Hiyo ya nani?" Papa Marcellin aliuliza, akidhani ni mzaha.

"Ya Kasha."

Papa Marcellin alimtazama, akaelewa, akavua kofia yake. Alisema pole, tena alisema kwa moyo. Kisha akaita watu wapakie.

Gari lilipofika Kasha, wanawake walisimama. "Angalia mutoto! Hakumusahau! Angalia ile sanduku!" Bintu alikuwa akimimina chai, alipoona nani anashuka, kikombe kikafurika na yeye bado anamimina. Uani, papa Zagabe alikuwa na randa mkononi, maranda yamejaa kwenye ndevu zake, na jeneza la mbao nyeupe lilikuwa limebakiza kifuniko tu.

Aurore alimjia, macho yamevimba. "Yaya," akamwita, kama anavyoitwa kaka mkubwa, "alitaka ile ya papa. Alisema hata wewe tukuambie."

Neno moja tu lingetosha. Lirudisheni. Stanislas alifumbua kinywa, lakini nyuma yake wanawake walikuwa wakimsifu bado, na alizihitaji sifa zile, Mungu amsamehe, alizihitaji kama mtu anayezama. Akasema, "Maman alistahili kitu muzuri."

Papa Zagabe aliweka randa chini. "Basi," alisema. "Mutoto ameleta."

Walimzika kesho yake ndani ya vernisi na kioo, na mtaa mzima ukakubali kwamba Nsimire alipata mwana hata kwa yule ambaye hakumzaa. Waliporudi nyumbani viti havikutosha. Papa Zagabe alikuwa amelivunja lile jeneza la mbao nyeupe na kuligongomea miguu, likawa benchi. Wakamkalisha Stanislas pale, mahali pa heshima, na harufu ya mbao mbichi ikimpanda puani. Bintu akamletea chai kwa mikono miwili bila kumtazama usoni. "Kunywa, papa. Pole." Akanywa, maana kikombe cha msibani hakikataliwi.

Nje pikipiki ikasimama mlangoni. Papa Zagabe akainua kichwa kwa mazoea ya ile miezi ya kungoja. "Angalieni," alianza, "ni mutoto..." Kisha akamwona Stanislas ameketi mbele yake.