Mume Aliyeikataa Saa Mpya

Hapa Tangier hakuna anayeipenda saa mpya. Wauza samaki wanaitukana, walimu wanaitukana, hata yule askari wa mtaani kwetu, ambaye mshahara wake unatoka serikalini, akipigwa na baridi ya asubuhi anaitukana. Serikalini walisogeza saa mbele kwa saa nzima wakatuambia ni kwa faida yetu, wakaenda zao. Tangu hapo tuna saa mbili, ya zamani na mpya, na huwezi kuwekeana miadi na mtu hata kwa kinyozi bila kuulizwa: ya zamani au mpya? Mimi naichukia kuliko wote, kwa sababu mimi ndiye ninayetoka nje kwa hiyo saa. Lakini yuko mtu aliyejifanya bingwa wa kuichukia, na huyo ndiye mume wangu.

Mfeddal ni fundi wa makochi. Karakana ni yake mwenyewe, anafungua akitaka, anafunga akitaka. Saa ya jikoni kwetu aliiacha kwenye saa ya zamani na akanikataza kuigusa. Saa yake ya mkononi, hivyo hivyo. Akikaa mkahawani na glasi ya chai ya nanaa, akianza kuhutubia juu ya saa, watu wanasogeza viti. Wanamwita Waziri wa Saa, naye anafurahi.

Mimi nashona suruali kiwandani. Basi la kiwanda linatuchukua barabara kuu saa kumi na mbili asubuhi, saa mpya, na halimngoji mtu. Kutoka nyumbani hadi barabarani unapita nyuma ya nyumba ambazo hazijaisha kujengwa, kisha kiwanja kitupu chenye mbwa. Mwezi wa Januari, saa hiyo hata adhana ya alfajiri bado. Ni usiku, hakuna jina jingine.

Asubuhi moja ya Januari mtu alinivuta mtandio kwa nyuma nikaanguka kifudifudi. Simu ikaenda, jino la mbele likavunjika. Nilirudi nyumbani mdomo umejaa damu, nikamkuta Mfeddal kitandani. Akakaa kitako, akanitazama, akapiga godoro kwa ngumi.

"Unaona wanachotufanyia hawa watu? Unaona? Mwanamke anatolewa nje usiku wa manane kwa sababu kuna bwana mmoja ofisini anataka kupiga simu Ulaya."

Siku ile nzima alishinda mkahawani akilisimulia jino langu. Alilia kabisa, nimeambiwa. Jioni nikamwuliza, "Kesho utanisindikiza?"

Akaniwekea mkono begani kama anayemfundisha mtoto. "Ghizlan, nikiamka saa ile nitakuwa nimeikubali. Ndicho wanachokitaka, tuamke wote, tuzoee. Mimi ushindi huo siwapi."

Nilikusanya nguo zangu nikaenda kwa baba.

Baba yangu, Haji Layashi, ni mlinzi mstaafu wa bandarini, na yeye ni kinyume cha Mfeddal. Kama serikali imesema ni saa mbili, basi ni saa mbili, hata jua likatae. Alinipokea vizuri, akasema mlango wake uko wazi, na mkwe wake ni mhuni. Lakini aliyenisindikiza basini ni mama. Kila asubuhi mama alilifunga goti lake kwa kitambaa, akachukua mpini wa ufagio, akatembea nami akichechemea hadi barabara kuu, kisha akarudi peke yake gizani. Baba alikuwa amelala.

Halafu ikaja Ramadhani. Mwezi huo serikali huturudishia saa yetu, kwa hiyo kwa mwezi mmoja nchi nzima ina saa moja tu, na watu wanaacha kuulizana. Nilikuwa nikitoka kumeanza kupambazuka, naiona miguu yangu, naiona na ya mbwa. Mama akalipumzisha goti. Lakini wote tulijua kwamba Idi ikipita, Jumapili inayofuata saa inasogezwa tena, na Jumatatu giza limerudi.

Usiku mmoja baada ya futari simu ya baba ililia. Alikuwa mama mkwe wangu, Bi Sfia, anaomba kuja kusuluhisha, kama ilivyo desturi mke akiwa amerudi kwao kwa hasira. Baba alijivuta kidogo, kama ilivyo desturi pia, halafu akakubali.

"Jumapili ile ya baada ya Idi," akasema. "Saa kumi jioni. Na mwambie mwanao mimi sipendi kungojeshwa."

"Saa kumi, inshallah, Haji."

Nilikuwa pale pale naosha mabakuli ya supu. Baba hakuuliza ya zamani au mpya, Bi Sfia hakuuliza, wala mimi halikunijia akilini. Ilikuwa Ramadhani, saa ni moja. Bibi yangu marehemu angesema "baada ya alasiri" na hapo pasingekuwa na la kuharibika, lakini sisi ni watu wa kisasa.

Jumapili ilipofika, saa ilikuwa imesogezwa mbele usiku wa kuamkia siku hiyo. Baba alivaa kanzu nyeupe akakaa sebuleni kabla ya saa kumi. Mama alipanga biskuti za Idi na glasi nzuri. Mimi nilikuwa juu, nimepaka wanja, na sioni haya kusema kwa nini. Nilikuwa nimechoka kulala kwenye kitanda changu cha usichana. Nilitaka kurudi kwangu. Nilitaka aje aseme neno moja tu, kwamba kesho atatembea nami, nishuke na begi.

Saa kumi ikapita, na nusu yake ikapita. Maji ya chai yakachemshwa upya. Nilimsikia baba akitembea huku na huku.

"Amenidharau," akasema. "Mtu anakuja kuomba mke, anachelewa."

"Labda njiani," mama akasema.

"Njia gani? Ni mitaa miwili."

Ilipofika saa kumi na moja kamili baba akaweka mnyororo mlangoni, na wakati huo huo wakabisha.

"Nani?" baba akauliza, na huku anawaona dirishani.

"Sisi, Haji. Sfia na mwanao Mfeddal."

"Nilikuwa na wageni wa saa kumi. Hawakuja."

"Haji, si ndiyo saa kumi hii? Tumekuja kwa wakati, hata viatu vinanibana kwa haraka."

"Hii ni saa kumi na moja."

Hapo nikaisikia sauti ya Mfeddal, ile sauti yake ya mkahawani. "Kwa saa ya nani?"

Nilifumba macho. Nilijua kwamba hapo tumekwisha.

"Kwa saa ya nchi," baba akasema.

"Nchi haina saa hiyo, mzee wangu. Nchi ina jua. Tazama jua liko wapi."

"Jua halikunipigia simu kuagana nami. Mama yako ndiye aliyepiga."

"Alipiga Ramadhani. Na Ramadhani saa mpya haikuwapo. Kwa hiyo mliagana kwa ya zamani."

"Tuliagana kwa siku ya leo, na leo si Ramadhani."

Majirani wakaanza kutoka. Mtaa wetu haujawahi kupata shauri tamu namna ile. Mwenye duka akasema Mfeddal ana haki, ahadi inafuata saa ya siku ilipowekwa. Mke wake akamwambia anyamaze, ahadi inafuata saa ya siku inapotimizwa, ndiyo maana hata yeye siku ya harusi yao alichelewa. Mtu mmoja akatoa mfano wa tiketi ya ndege. Mwingine akasema mwaka jana alikosa daktari wa macho kwa sababu hiyo hiyo, na tangu hapo haoni vizuri. Wakacheka, wakagombana, wakaitukana serikali wote kwa pamoja, halafu wakagawanyika tena. Mfeddal alikuwa katikati, shingo imemsimama, mikono inapaa. Nilimwona kutoka juu. Alikuwa amefurahi.

Bi Sfia alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango na zawadi ya sukari ya kugongwa, mabonge mawili yaliyofungwa karatasi ya buluu, ameyapakata mapajani. Alikuwa amevua viatu.

Nilingoja nisikie jina langu. Walikwenda hadi Ulaya wakarudi, wakapita kwa mawaziri, wakapita kwa bei ya umeme, jina langu hakuna. Jino langu, ambalo Mfeddal alililia mkahawani, hakuna aliyelitaja. Hasira ilinipanda hadi masikio yakaanza kuvuma. Nikashuka ngazi, nikampita baba, nikautoa mnyororo.

"Mmemaliza?" nikawauliza.

Mikono ya Mfeddal ikashuka.

"Nina swali moja. Kesho saa imeshasogea, giza limerudi. Asubuhi nani ananisindikiza?"

Mwenye duka akaangalia viatu vyake. Baba akakohoa, akasema kwa upole, "Mwanangu, hilo ni jambo dogo, tutalizungumza ndani."

Nikaunyanyua mdomo kwa kidole wote waone pengo. "Dogo lenyewe hili hapa, baba. Na wewe usijifiche nyuma ya saa yako. Wiki zote zile mama amenipeleka na goti bovu, amerudi peke yake. Wewe unayeifuata saa ya serikali, mbona ikifika saa kumi na mbili asubuhi huifuati?"

Mama aliguna nyuma yangu. Baba akarudi akakaa sebuleni.

"Ghizlan," Mfeddal akasema, "mimi niko upande wako. Waulize hawa. Mtaa huu hakuna anayeipinga saa hii kama mimi."

"Unaipinga umejifunika blanketi."

Majirani wakacheka, na kwa mara ya kwanza nikaona maneno yamemchoma.

"Nikiamka kwa saa yao si nitakuwa nimewakubali?"

"Basi wakatae. Lala. Unadhani huko wanajua kama umelala, Mfeddal? Kuna mtu ofisini anaandika kwamba Mfeddal fundi makochi leo hakuamka? Hakuna anayejua. Ninayejua ni mimi."

Nilimpa mkono Bi Sfia nikamwinua.

"Karibu ndani, mama, chai iko tayari."

"Miguu yangu ingekuwa miguu, ningekupeleka mwenyewe," akaniambia, akampa mama sukari. Akaingia bila kumtazama mwanawe. Mfeddal akataka kumfuata. Nikaufunga mlango.

Usiku ule sikulala vizuri, kwa hasira. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia baba, nikawakasirikia wale walioondoa saa moja ya usingizi wetu kana kwamba wanahamisha kiti. Kulipokuwa bado giza nikamsikia mama anafunga kitambaa gotini. Nikamwambia abaki, akaniambia nisimpotezee muda.

Tulitoka. Mbele ya nyumba ya kwanza isiyoisha kujengwa kulikuwa na mtu amesimama. Mama akainua mpini wa ufagio.

"Ni mimi," yule mtu akasema.

Alikuwa Mfeddal, amevaa joho la sufu juu ya nguo za kulalia, miguuni ndara za nyumbani, uso umevimba kwa usingizi. Mama alimtazama kutoka juu hadi chini. Halafu akageuka akarudi zake.

"Angalia giza hili," Mfeddal akaanza. "Binadamu wa kawaida anawezaje..."

"Tembea," nikamwambia.

Tukatembea. Hakunyamaza hata hatua moja. Aliwataja waliopanga saa, akawataja mama zao, akasema kwa sauti ya kuamsha mtaa kwamba watu wazima wanaendeshwa kama ng'ombe, na kwamba baridi hii wangeionja wao wiki moja tu wangepata akili. Tulipofika kwenye kiwanja mbwa waliinuka, wakamsikia, wakakaa mbali. Mwizi gani angemsogelea mtu anayefoka namna ile. Ile hotuba niliyoichukia miaka yote sasa ilikuwa inanipitisha gizani, na hilo likanizidishia hasira, kwa sababu lilikuwa jambo rahisi hivyo tangu mwanzo.

Pale barabarani wenzangu walikuwa wamejikunyata wakingoja. Walimwona na ndara zake, wakagusana viwiko. Taa za basi zikatokea kwenye kona.

"Jioni nije nikuchukue?" akaniuliza, safari hii kwa sauti ndogo. "Twende nyumbani."

"Jioni kuna mwanga, nitakwenda mwenyewe kwa mama. Wewe uje asubuhi."

"Kesho?"

"Kesho, na kesho kutwa."

"Mpaka lini, Ghizlan?"

Basi likasimama, mlango ukafunguka.

"Mpaka wairudishe saa ya zamani," nikamwambia, nikapanda.