Injini Inatolewa Sebuleni

Usiku wa jana niliota nimo ndani ya riwaya aliyoiandika binti yangu Mwanahawa, ile ya chombo cha anga kinachokwenda Zohali. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Hewa ilitosha, kuta hazikuvuja, nami nilikuwa naelea karibu na dari na gauni langu la kulalia, kanga nimejitanda. Mwanahawa ni hodari wa hesabu, hilo silipingi.

Akaja mwanamke mwembamba kama karatasi. Akigeuka ubavu, haonekani.

"Shikamoo, Mama. Mimi ni Sikudhani, fundi wa chombo. Mume wangu amefariki."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Mbona hulii?"

"Sikuandikiwa. Nina sentensi moja tu: 'Sikudhani alihuzunika.' Nimeshaitumia."

Mumewe, Mbaraka, yuko mlangoni ndani ya mfuko, tayari kutupwa nje.

"Atolewe sasa hivi," ilisema sauti nene. "Chombo kikiwa chepesi, mafuta hudumu."

Ni injini. Imekaa katikati ya chumba, kubwa kama lori, imenenepa kwa sura nne za kitabu ilizopewa.

"Hatoki mtu hapa," nilisema. "Tunamlilia kwanza."

"Kilio hakimo kwenye hesabu ya hewa."

"Basi hesabu yako ni sahihi, na haitoshi."

"Mama, nakuomba uteremke."

"Niteremke wapi, na nje hakuna hata hewa?"

Injini ikaacha kunifukuza. Ukiiambia ukweli haibishi, hiyo ndiyo sifa yake.

Nageuka, chumba ni sebule yangu ya Muheza. Zohali iko dirishani, pete zake zinagusa kamba ya kuanikia nguo. Kwetu, nyumba ikiwa na msiba, makochi hutolewa nje na mikeka hutandikwa. Nikaitazama injini.

"Usithubutu," ilisema.

"Sikudhani, shika upande ule."

Tunasukuma. Injini haiendi. Sisi ndio tunarudi nyuma mpaka ukutani.

"Sura ya pili," ilisema kwa fahari. "Ukinisukuma mbele, nami nakusukuma nyuma."

"Asante kwa kunikumbusha." Nikakanyaga ukuta kwa miguu yote miwili, Sikudhani akafanya vilevile.

"Mama, bila injini tutafika kweli?"

"Iulize yenyewe."

Injini ilisita. Ilitaka kudanganya, lakini Mwanahawa hakuiandika hivyo. "Mtafika," ilikiri. "Huku hakuna cha kuwapunguzia mwendo. Shida ni kusimama."

"Makochi hurudishwa matanga yakiisha," nilisema. "Na wewe utarudishwa."

Tukasukuma tena. Ikatoka polepole, ikinuna. Niliifunga kwa ile kamba ya nguo isije ikapotea. Kule nje iliendelea kutoa hoja, lakini hatukusikia neno. Pasipo na hewa sauti haisafiri. Hilo nalo Mwanahawa amelipatia.

Tukatandika mkeka pale ilipokuwa injini, tukaketi, tukiushika kingo usituponyoke.

"Haya, Mbaraka alikuwa mtu gani?"

"Sijui, Mama. Hakuandikwa."

"Usinitanie. Umelala naye kitanda kimoja. Alikuwa anakoroma?"

Alifikiri, kama anayeonja mchuzi. "Alikuwa anakoroma," alisema. "Nikimpiga kiwiko, anasema, 'Silali, natafakari.' Muongo yule!"

Akacheka. Mashavu yakamjaa, mabega yakatokeza. Nilipomtazama ubavu, nilimwona. Kisha kicheko kikakatika akaanza kulia, na chozi halikudondoka. Lilikaa jichoni kama gololi, likazidi kukua, mpaka nikaona asipofutwa na mwenzake litamfunika uso. Nikamfuta kwa pembe ya kanga niliyojitanda. Likaja jingine, nikafuta. Sikuchoka, wala sikumwambia anyamaze.

"Sasa tumtoe," alisema mwenyewe.

Tukamtoa Mbaraka taratibu, kila mmoja ameshika upande wake.

Nikaamka. Pembe ya kanga yangu ilikuwa imelowa. Nikaichukua hadi uani, nikaikamua juu ya beseni. Tone likatoka, la mviringo, likabaki palepale hewani.