Bomba la Duara

Nilipiga magoti juu ya kifusi, nikaweka sikio kwenye bomba la chuma la kupitishia hewa. Chini kabisa mwanangu Ndaki alikuwa anagonga. Jiwe kwenye chuma, mara tatu, kimya. Mara tatu, kimya.

Ilikuwa siku ya tatu tangu duara, shimo la wachimbaji wa dhahabu, liporomoke huko machimboni Geita. Siku mbili za kwanza nilisimama nyuma ya kamba kama mbuzi, maana wachimbaji wana mwiko: mwanamke akikanyaga mdomo wa duara, dhahabu inakimbia. Nina diploma ya maabara, na bado nilitii.

Siku ya tatu msimamizi wao, Enock, akanifuata, macho chini.

“Shikamoo mama. Anagonga polepole sana sasa. Njoo umsemeshe.”

“Na dhahabu yenu?”

“Ikimbie tu, mama.”

Ndaki alikuwa ameacha kanisa. Alinitania: “Mama, wewe huandiki jibu mpaka umwone mdudu kwenye darubini. Huyo Yesu ulimwonea wapi?” Nilikwenda ibadani kama ninavyokwenda kazini, kwa kuwa siku imefika.

Pale kwenye bomba, badala ya kumsemesha, niliimba. Wimbo wa Kisukuma, niliomwimbia kanisani akiwa bado mgongoni. Nilipomaliza mstari wa kwanza nikanyamaza kuvuta pumzi, naye akagonga. Safari hii hazikuwa tatu. Aligonga mapigo ya wimbo wenyewe, yote, hadi mwisho wa mstari.

Nikacheka. Wanaume wamejiinamia, vumbi limejaa mdomoni, mimi nikacheka kama bibi harusi.

Asubuhi iliyofuata hakugonga tena. Siku ya tisa walilifukia duara, naye yumo ndani. Wifi yangu Melania alitaka tuzike mgomba badala ya mwili wake, kama ilivyo desturi, nikakataa.

Huzuni haijaondoka. Zile siku mbili nyuma ya kamba ni zangu, hakuna wa kunipokea mzigo huo. Kuna asubuhi viatu vinanishinda kuvaa. Lakini kicheko kile nacho hakijaondoka, na sikukitengeneza mimi. Ndaki sikumwona siku ile, na Bwana sijamwona mpaka leo. Ila najua sikuimba peke yangu.

Sasa niko kwenye kwaya, hapa Nyasubi, na Melania husimama kando yangu. Jumapili iliyopita alinifinya kiwiko.

“Mama Ndaki, mbona kila wiki unachelewa kuingia mstari wa pili wa wimbo?”

“Naacha nafasi,” nikamwambia.