Ati Ni Vumbi la Mahindi

Sogeeni hapa karibu na mnyamaze, nyinyi nyote mnaopiga kelele kichwani mwa Waiyego, mliokufa na mlio hai, nyamazeni kidogo asikie kijana anasema nini, maana amesema jambo akiwa amesimama hapo mlangoni pa jikoni na kikombe cha chai mkononi, asubuhi ya kawaida tu hapa mtaani Pioneer, pikipiki zinapita nje, viazi viko kwenye karai, kisu kimekwama katikati ya kiazi na hakitaki kwenda mbele... "Shosho, mwezi wa nne nilikuwa sitaki kuishi," amesema hivyo, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama chumvi iko, na Waiyego amesikia na hajasikia, kwa sababu huyu ni Thuo, mjukuu wake, mtoto wa Munene, mwaka wa tatu huko chuo cha Chepkoilel, aliyepewa jina la guka yake kama desturi inavyotaka, kifungua mimba akiwa wa kiume basi babu amerudi, kwa hivyo tangu akibebwa mgongoni Waiyego humwita mume wangu, mume wangu umekula, mume wangu nani amekuchokoza, na Salma wa duka la nguo akipita anatania, "Mama Munene, huyu bwana yako mbona hana meno?"... "Shosho, unanisikia?" nakusikia, anataka kusema, lakini kutotaka kuishi ni nini, mtu hutaka chai, hutaka blanketi, kuishi si kitu cha kutaka, kuishi ni kuamka tu, ama sivyo, mwezi wa nne, si huo mwezi alikuja hapa Pasaka, akala chapati tano, akaniigizia pasta mpaka nikashika mbavu, na wakati huo wote, ndani yake, hapo kwa meza yangu...

"Usishtuke, sijakuwa wazimu," anasema, "niko na dawa, na kuna mama mmoja wa kliniki, anaitwa Jepkosgei, naongea naye kila Ijumaa, amesema wiki hii nikuje na mtu wa nyumbani, nikakuchagua wewe," mimi, kwa nini mimi, si ana baba, lakini sauti ya Munene imeshafika kabla hajamaliza kuuliza, siku ile walipoambiwa mtoto wa jirani Wabuge amelazwa kwa sababu ya mawazo, Munene akaguguna mfupa, akasema, "Hayo ni magonjwa ya walioshiba, mpeni jembe," na Waiyego akaitikia, ndiyo, aliitikia, alicheka hata, na huyu Thuo alikuwa ameketi papo hapo akila kimya, Mungu wangu, alikuwa ameketi papo hapo.

"Na wewe ndio ulikuwa unaniambia guka hakuwahi kulia hata siku moja," kijana anaendelea, haangalii mtu, anaangalia chai, "sasa nikilia huko hosteli nilikuwa najiuliza, mimi hili jina nimebebeshwa la nini?"... nani alisema hivyo, ni mimi, ni mimi nilisema, kila alipoanguka akachubuka goti nilimwambia nyamaza, mume wangu halii, na Waiyego anaachilia kile kisu, kwa sababu yule Thuo mwingine, guka mwenyewe, mwenye duka la nafaka, mtu aliyempimia kila mteja mpaka debe likamwagika, mtu asiyewahi kumwinulia mkono, alikuwa akiingia stoo saa kumi jioni, nyuma ya magunia, akilia, hakuna aliyekufa, mvua imenyesha vizuri, watoto wako shule, analia kama mtoto aliyepotea sokoni, na Salma siku ile, bado bibi arusi, alikuja kununua maharagwe akanong'ona, "Mama Munene, mzee analia huko nyuma, nimemwona na macho yangu," naye akajibu haraka, "Wacha wewe, ni vumbi la mahindi, linamsumbua macho," akafunga mlango wa stoo kwa komeo la nje, akapandisha redio, na kesho yake hivyo, na mwaka hivyo, redio juu, matangazo ya vifo, yeye anapima maharagwe, na hata siku moja, hata moja, hakuingia akamuuliza, Baba Munene, ni nini, aliogopa kanisa, aliogopa dada za mume, hapana, aliogopa akimuuliza atajibu, halafu homa ya mapafu ikamchukua, na Waiyego akasimama kaburini akaambia watu wote, mume wangu hakuwahi kulia, wakapiga makofi.

"Kama hutaki kwenda, Shosho, niko sawa tu," kijana anasema... niko sawa tu, maneno yale yale, yule mzee akitoka stoo uso umeoshwa, niko sawa tu, leta chai, na yeye alikuwa analeta chai, miaka yote ile alileta chai.

"Alikuwa analia," Waiyego anasema.

"Nani?"

"Guka yako. Karibu kila jioni. Na mimi nilikuwa namfungia mlango."

Kikombe cha kijana bado kiko hewani, chai bado ina moshi, pikipiki bado zinapita, ni dakika ngapi zimekwenda tangu alipoanza kusema, tatu, nne, na Waiyego anasikia sauti yake mwenyewe ikiuliza, "Ijumaa ni saa ngapi?" huku moyoni anahesabu upya urithi ulivyogawanywa baada ya yale maziko, Munene akapata shamba la Cheptiret, Wamucii binti yao akapata ng'ombe wawili na cherehani, kanisa likapewa mizani, na huyu, aliyezaliwa mwaka uliofuata, akapata jina, akapata na machozi, na hakuna hata mmoja wao aliyemwambia kwamba hayo pia ni ya nyumbani.